Kitabu Kilisema Kulikuwa Kimya

Vinu ndivyo nilivyosikia kwanza. Si kinu kimoja cha jirani anayetwanga mahindi ya bukari, ugali wake, bali vinu vingi kwa pamoja, kila kimoja na mwendo wake, kama mvua inayoanza juu ya mabati kisha inasita, inaanza tena. Sauti ilitoka upande wa gare, stesheni yetu ya treni. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimelala bado, na nikafikiri kuna sikukuu. Labda askofu mgeni anakuja, nikawaza, na wamama wa parokia wametangulia kutwanga unga. Nikatoka nje mbio, kitenge begani, nikamuuliza Mama ni sherehe gani. Mama alikuwa amechuchumaa mbele ya mbabula, jiko letu la makaa, anapuliza makala. Hakuinua kichwa. "Ni bantu ba treni," akasema. "Treni gani, Mama?" "Ile haiyafika." Akapuliza tena mpaka majivu yakamwingia machoni, na nilimwona anayafuta kwa muda mrefu kuliko majivu yanavyohitaji.

Sauti hiyo imenirudia mwaka huu kwa sababu ya kitabu. Fidèle, mtoto wa Kabange, mshonaji mwenzangu, anasoma historia katika chuo kikuu hapa hapa Kamina, na mwalimu wao amewapa kitabu kinachosimulia nchi yetu tangu enzi za Zaïre hadi leo. Kwao hakuna utulivu kwa sababu ya wadogo zake, basi mchana anakuja kusomea katika atelier yetu ya ushonaji. Anakaa juu ya kopo kubwa la rangi, katikati ya cherehani yangu na ya mama yake, na anasoma kwa sauti, kwanza Kifaransa, kisha anatugeuzia kwa Kiswahili, maana mimi niliachia shule mwaka wa pili wa sekondari na Kifaransa nakisoma kwa kidole, polepole, kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. Nilifurahi sana. Siku zote nilidhani historia ni habari ya watu waliokufa, wafalme na wazungu wenye kofia ngumu. Sikujua kwamba mtu anaweza kufungua kitabu na kukuta humo mvua iliyomlowesha mwenyewe. Fidèle alipofika kwenye sura ya miaka ile, nikamwambia, "Soma polepole, Fidèle. Pale minyi nilikuwako." Akacheka. "Tantine, weye ulikuwa mutoto." "Na mutoto hana macho?"

Kitabu kinasema hivi, kwa ufupi wangu. Mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Shaba. Siasa ya Kinshasa ilipasuka, na huku kwetu wakubwa wakaanza kusema kwamba Wakasai, ambao babu zao waliletwa kufanya kazi katika migodi na reli, warudi kwao. Vijana wakapita nyumba kwa nyumba. Watu wakajaa kwenye magare, wakingoja treni za kuwapeleka Kasai. Hayo ni kweli, na yamepangwa vizuri, sababu ya kwanza, sababu ya pili, mpaka unaona kama mambo hayangeweza kwenda vingine. Nilipenda yalivyopangwa. Sisi mwaka ule hatukuwa na sababu, tulikuwa na majirani tu. Kisha ikaja Kamina yenyewe, nusu ukurasa. Mwandishi anasema gare yetu ilikuwa na kimya kama cha makaburini. Nikasimamisha cherehani. "Kimya? Ni gare ya wapi hiyo?" Fidèle akageuza kitabu aone jalada, kana kwamba kosa lingekuwa limeandikwa huko. "Ya hapa, Tantine." Ndipo Kabange, macho yake yakiwa bado kwenye pindo alilokuwa anashona, akasema, "Vinu." Neno hilo moja tu. Akaendelea kushona.

Watu wa mtaa wanatuita dada, mimi na Kabange, nasi hatujawahi kuwasahihisha. Lakini mwaka ule hakuwa dada yangu, alikuwa jirani, na hakuwa Kabange, alikuwa Kabanga. Walikuwa mapasa, yaani mapacha, yeye na Mbuyi, watoto wa fundi wa mabehewa katika kampu ya reli, nyumba iliyogusana na yetu kwa ua wa matete. Kule Kasai mapasa huitwa Mbuyi na Kabanga. Sisi Waluba wa huku tunawaita Kyungu na Kabange. Ukiyasema haraka majina hayo utaona ni ndugu, mmoja alibaki na "a" na mwingine akaondoka na "e". Mama yangu, aliyeitwa Mama Ngoie kwa jina langu, mzaliwa wa vijiji vya Kaniama, hakuweza kabisa kusema Kabanga. Ulimi wake ulikwenda wenyewe kwenye njia yake. Angeita, "Kabange, letea minyi kisu!" na hapo hapo, kutoka ng'ambo ya ua, mama yao, ambaye kila mtu alimwita Mwambuyi, yaani mama wa mapasa, angejibu, "Kabanga, Mama Ngoie! Ka-ba-nga! Unataka kumuzaa mutoto wangu mara ya pili?" Na Mama, "Ulimi yangu ni ya Kaniama. Ulipie tiketi, njo itafika mpaka kwenu Kasai." Wangecheka, kisha mmoja angeomba chumvi. Mzaha ule ulirudiwa kila siku, hata siku ambazo hawakuwa na hamu ya kucheka. Ilikuwa salamu yao.

Mimi mwaka ule nilikuwa na ndoto moja, kuwa sauti ya gare. Kulikuwa na bwana mmoja aliyetangaza treni kwenye kipaza sauti, na ingawa mara nyingi alitangaza kwamba treni imechelewa, alisema hivyo kwa Kifaransa kitamu sana hata ungetamani ichelewe tena. Nilikuwa na kopo la nyanya nililotoboa chini. Nyuma ya jiko ndipo palikuwa gare yangu, na mapasa walikuwa abiria. Mbuyi alikuwa anakata tiketi ya daraja la kwanza kwa jani la mparachichi, anapanda juu ya gogo, anakaa kama bibi wa mkurugenzi. Kabanga alikuwa anaachwa na treni makusudi. Kila mara. Nikitangaza, yeye anafunga kamba ya kiatu ambacho hakina kamba. Treni ikiondoka anakuja kusimama karibu na kopo langu na kuuliza, "Basi, madame, nyingine itafika saa ngapi?" Mbuyi alikasirika. "Weye siku moja utabakia kweli." Nayaandika haya kwa sababu hayako kwenye kitabu, na silaumu. Kitabu hakiwezi kuweka kila kopo la nyanya.

Familia ya mapasa ilipoambiwa iondoke nyumbani, haikwenda mbali. Gare iko hatua chache kutoka kampu ya reli, na Mama alinituma huko na chungu cha sombe, majani ya mihogo, mara na samaki mkavu, mara na makala. Hakuna aliyejua treni itafika lini. Watu walibeba kila kitu, hata milango waliyoing'oa kwenye bawaba, hata mabati, na kila familia ikajichorea mraba wake chini kwa masanduku na magodoro. Mwambuyi alipanga mraba wake kama nyumba. Hapa saluni, yaani sebule, hapa chumba cha watoto, hapa jiko, na jikoni kinu chake, kile chenye ufa uliofungwa kwa waya wa karakana ya mabehewa. Siku ya kwanza nilipokanyaga tu ndani ya mraba, akanisimamisha. "Ngoie! Unaingia saluni ya bantu na matope?" Nikafuta miguu yangu juu ya saruji tupu, kwenye mlango ambao haukuwepo, na mapasa wakacheka mpaka wakakaa chini. Kwenye mraba wa jirani, mzee mmoja alikuwa akibishana na mwenzake kuhusu mchezo wa mpira wa mwaka jana, nani alikuwa ameotea. Mama mmoja aliyekuwa akitwanga alisema bila kusimama, "Banasema turudie kwetu. Minyi nilizaliwa Kamina. Kasai sijue hata mayi banachotea wapi." Mwingine akamjibu, "Utauliza. Bantu ba kule nabo bana midomo." Na mitwangio ikaendelea, kwa sababu tumbo halingoji siasa iishe, na watu wale walikuwa wamekuja na mahindi yao. Ndiyo maana nikasema, kimya ya wapi?

Mvua zikakolea. Wiki zikapita, watoto wakaanza kukohoa, wazee wakaanza kupelekwa upande wa pili wa reli chini ya shuka. Siendi mbele zaidi hapo, kitabu kimesema vya kutosha. Jioni moja Mwambuyi alikuja kwetu na Kabanga mgongoni, msichana wa miaka kumi na mitatu, miguu inaning'inia mpaka karibu na visigino vya mama yake. Homa ilikuwa inamtikisa meno. "Mama Ngoie," akasema, "treni ikikuya, mabehewa haina paa. Na hali hii hatafika." Mama alikwenda kwenye kitanda changu, akatoa kopo langu na mabuku yangu ya shule, akatandika. Nilimsaidia kuvua nguo mbichi. Mbuyi alikuwa amesimama mlangoni, haingii. Mwambuyi alimpa Mama vidonge vilivyobaki, akasema, "Akipona, utamuleta." "Nitamuleta." Akafika mlangoni, akageuka. "Na bakiuliza jina yake?" "Niseme nini?" Mwambuyi alitazama ukuta kidogo. Kisha akasema, "Umuite tu vile unamuitaka." Miaka yote ile alikuwa akimsahihisha mama yangu juu ya herufi moja, na sasa alimwachia amwite Kabange. Mama hakucheka. Aliitikia tu, "Ndiyo, yaya," kama mtu anavyomjibu dada yake mkubwa.

Treni ilifika bila kutangazwa. Bwana wa kipaza sauti alikuwa naye Mkasai, sijui kama nilisema, naye alikuwa ndani ya mraba wake na wanawe. Ilikuwa asubuhi, Kabanga hawezi hata kukaa. Mama alikimbia gare kumwambia Mwambuyi, nami nikafuata, lakini watu walikuwa wanapanda kama maji yanavyopanda. Niliwaona kutoka kwenye kivuko cha reli. Mbuyi alikuwa juu ya behewa, amekaa juu ya godoro lao, na alikuwa anatazama chini akitafuta kitu. Aliponiona alinyanyua kiganja, akakifungua na kukifunga, kama vile mtu anavyoita, njoo, njoo. Halafu treni ikavuta. Ni baada ya hapo, sasa nafikiri, ndipo kimya kilikuja. Mwandishi wa kitabu hakusema uongo. Labda aliyempa habari alifika mchana. Alikuta gare tupu, na vinu vimesimama kwenye saruji, mitwangio ndani yake, kwa sababu kwenye behewa mtu alipaswa kuchagua kinu au mtoto. Vilikuwa vimepangwa kama watu wanaongoja. Mama alizunguka kati yake mpaka akaona chenye ufa na waya. Akajitwika. "Nitatunza mpaka atume muntu," akasema.

Vijana walikuja siku chache baadaye, kuangalia nani amebaki. Aliyeingia ndani alikuwa Dodo, tuliyemjua vizuri, aliyekuwa akiuza mabetri ya redio mbele ya gare. Wenzake wawili walibaki nje. Alikuwa na kofia yenye majani na alikuwa na aibu kidogo, ile aibu ya mtu mkubwa anayeingia kwenye nyumba aliyowahi kupewa chakula mlangoni, bila kuwajua watoto wa ndani. "Mama Ngoie, jambo. Banasema unafuga mugeni." "Minyi sifugi hata kuku," Mama akasema. Alikuwa anasonga bukari, mgongo wake kwetu, mwiko mikononi. "Ule kwa kitanda ni nani?" Na Mama, bila kugeuka, kama kila siku ya Mungu, akasema, "Kabange." Ulimi wake haukudanganya. Haukujua njia nyingine. Dodo akasogea karibu. "Mapasa?" "Mapasa." "Basi Kyungu iko wapi?" Hilo sikulifikiria, wala Mama sijui kama alilifikiria. Nilikuwa nimesimama kati yao na kitandani, na kinywani mwangu jina la Mbuyi lilikuwa tayari, midomo imeshajifunga kuitoa ile herufi ya kwanza. Mama akageuza bukari mara moja, akasema, "Alirudia."

Kwetu pasa hasemwi amekufa. Mapasa ni wageni wakubwa, hawafi, wanarudi walikotoka, wala hawaliliwi, watakasirika. Kila mtu wa hapa analijua neno hilo. Dodo alivua kofia yake. Majani mawili yakaanguka chini. Akapapasa mifukoni, kwa sababu pia kila mtu anajua kwamba huingii kwenye nyumba ya mapasa mikono mitupu, na unachotoa ni viwili, hata kama mmoja amerudi. Aliweka biskuti mbili kwenye kizingiti cha dirisha. Huko nje nikamsikia anawaambia wenzake, "Hapana. Ni bantu ba hapa." Tulipobaki wenyewe, Kabanga, ambaye tulidhani amelala, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mbuyi alirudia namna gani?" "Na treni," nikamwambia. "Ah." Akafikiri. "Njo vile." Akala biskuti moja. Ya pili akaiweka ndani ya kopo langu la nyanya kwa ajili ya Mbuyi, na ilikaa humo mpaka siafu wakaikuta.

Alipopona, hapakuwa na treni ya kumpeleka wala mtu wa kumpokea. Mtu mmoja wa reli alitupa habari kwamba waliwaona Mwene-Ditu, kule Kasai, mama anauza maandazi karibu na gare ya huko, na msichana mmoja anamsaidia. Kisha reli ikasimama, kisha vita, kisha vita vingine, na fedha na bendera na jina la nchi vikabadilika, na Kabanga akawa Kabange shuleni, kanisani, kwenye ndoa. Alipotaka kuolewa alimwambia mchumba wake ukweli, akilia, na yule bwana, ambaye siku hizi anafanya kazi Luena na anarudi mwisho wa wiki, akamjibu, "Minyi ninaoa mwanamuke, sioi herufi." Walicheka, wakaliacha hapo. Watoto hawakuambiwa. Si kwa uovu. Kwanza walikuwa wadogo, halafu walikuwa na mitihani, halafu ilikuwa imekuwa kitu kilichochelewa, na kitu kilichochelewa kinazidi kuwa kizito. Mama alipofariki msimu wa mvua uliopita, tulihamishia cherehani zetu kwenye saluni yake. Kinu cha Mwambuyi kilikuwa pale pembeni, nasi tukakifanya cha kutilia vipande vya vitambaa. Fidèle amekua anakiona. Kwake ni pipa la takataka.

Siku iliyofuata ile ya vinu, Fidèle alimalizia nusu ukurasa wetu. Mama Béa, anayeuza samaki wa Mulongo, alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono juu, Kabange anampima kiuno, na mimi nilikuwa na pini mdomoni. "Kwa hiyo," Fidèle akasema, akiweka kidole chake kwenye ukurasa, "mpaka mwisho wa mvua, Kamina haikubakia Mukasai hata moja." Mama Béa akaguna. "Na sasa banarudia. Juzi treni ilishusha bengine, na magodoro, na kuku. Utaona bei ya nyumba." Fidèle akacheka. Ni kijana mwenye moyo mzuri, hata inzi anamtoa nje kwa gazeti. "Bakuyakuya," akasema. "Bao hata ukifunga mulango, banapitia dirisha." Bakuyakuya, wale wanaokuja-kuja tu. Ni neno la sokoni, linasemwa hapa kama watu wanavyosema chumvi. Lakini niliona utepe wa kupimia ukilegea kwenye kiuno cha Mama Béa.

"Fidèle," Kabange akasema. "Soma tena pale."

"Pale wapi, maman?"

"Pale banasema haikubakia hata moja."

Akasoma tena, sasa kwa Kifaransa cha mtihani, akidhani mama yake amependa.

"Haiko kweli," Kabange akasema.

"Maman, ni professeur njo aliandika."

"Sikusema ni bongo, kwamba anadanganya. Nilisema haiko kweli. Moja alibakia."

"Nani?"

Kabange alinitazama. Ningeweza kusema jambo lolote wakati ule, kuangusha mkasi, kuuliza Mama Béa kama samaki zake ni za leo. Nimefanya hivyo mara nyingi miaka hii, nina kipaji. Lakini niliona hanitazami ili nimsaidie kunyamaza. Alinitazama kama mtu anayehakikisha kwamba shahidi wake yuko. Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Minyi," akasema. "Minyi naitwa Kabanga."

Fidèle akatabasamu, kwa upole, kama unavyomtabasamia mama aliyechoka. "Kabange, maman. Ulimi yako iliteleza."

"Ka-ba-nga," akasema, akikata silabi moja moja, na nikasikia ua wa matete, nikasikia Mwambuyi mzima. "Haikuteleza."

Nilitoa pini mdomoni, nikaanza kusimulia, maana yeye hakuweza kuendelea. Nilisimulia saluni isiyo na kuta na miguu yangu yenye matope, na homa, na "umuite tu vile unamuitaka", na Dodo na kofia yake. Nilipofika kwenye biskuti ya pili Kabange mwenyewe aliniingilia, "Haikukuwa siafu. Ilikuwa panya," na tukabishana hapo kidogo, na Fidèle akitugeukia huku na huku, kitabu kimejifunga chenyewe mapajani mwake. Mwisho aliuliza jambo moja, "Papa anajua?" "Anajua." Mama Béa alikuwa bado amesimama mikono juu, ameisahau. Akaishusha. "Kumbe," akasema. Alichukua beseni lake akatoka, na nguo yake niliyoanza kukata bado imening'inia kwenye msumari, imeshikwa kwa pini, haina hata kiuno, kwa sababu vipimo havikumalizwa. Wiki tatu sasa. Wateja wengine wawili hawajapita pia, au labda ni mvua. Kabange anasema ni mvua.

Fidèle siku ya pili hakuja, wala ya tatu. Mama yake alishona vibaya, akafumua, akashona. Alipokuja alikaa kwenye kopo lake la rangi bila kusalimu vizuri, akatoa simu badala ya kitabu, akasema, "Maman. Ule Mbuyi. Jina yake yote ni nani?" Kabange akamtajia. Akamtajia na jina la baba yao, na la Mwambuyi alilobatizwa nalo, ambalo hata mimi nilikuwa silijui. Fidèle aliandika kwa vidole viwili. Akina Mbuyi ni wengi sana Kasai, wamejaa kama mchanga, na huyu wetu labda ana jina la mume, labda hana simu, labda alirudi kwa namna ile nyingine. Hatujapata kitu. Lakini kila mchana sasa anatuonyesha nyuso, "Huyu? Na huyu?" na Kabange anavaa miwani, anatazama kila mwanamke kwa makini, anasema, "Hapana. Huyu hana pua yetu." Kile kitabu Fidèle aliniachia mimi. Nimekifikisha mbali zaidi ya sura yetu kwa kidole changu. Nakipenda bado. Ninapokutana na mahali kinaposema kimya, nasimama kidogo na kusikiliza kama ni kweli.

Leo nilifika atelier mapema, kabla ya Kabange. Nilifungua madirisha yote mawili, la barabarani na la upande wa gare. Nikatoa vipande vya vitambaa ndani ya kinu, vya kijani, vya harusi, vya shule, nikavirundika juu ya kopo la Fidèle. Chini kabisa kulikuwa na vumbi la zamani na kifungo kimoja. Nikakiosha kinu nje kwa maji ya mvua, nikakipangusa, nikakaza waya kwenye ufa. Mtwangio ulikuwa nyuma ya kabati la Mama. Kinu hakitwangwi kitupu, ndivyo Mama alivyotufundisha, basi nikatia ndani konzi mbili za mahindi, nikakisogeza karibu na dirisha la gare, nikafunga kitenge changu vizuri, nikatwanga.